Betri za Maji Ndani ya Kabati

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa, mtaani anaitwa Mama Cherehani. Umri: miaka 41. Kazi: fundi wa kushona nguo. Makazi: nyumba ya kona, nyuma ya karakana ya magari.

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Fundi sola mliyemweka mahabusu ni mdogo wangu, tumbo moja. Aliyeungua usoni ni mume wangu. Mume wangu amewaambia kuwa mdogo wangu alituletea betri mbovu. Si kweli, na naomba uandike upesi, maana leo jioni mume wangu anapelekewa hospitalini karatasi ya maelezo yake aisaini na roho yangu haitulii.

Mnamo mwezi wa tatu mwaka huu tulitaka umeme wa jua wa cherehani zangu na friji. Mume wangu alitaka betri ya gari. Mdogo wangu akacheka, "Shemeji, hiyo ni ya kuwashia injini. Inatoa nguvu nyingi mara moja, basi. Ukiikamua kila usiku itakufia mapema." Dukani akatuonyesha za sola, zenye sahani nene ndani. Nilijaribu kuinua moja, nikaiacha palepale. Alisema hizo zinavumilia kutumika na kuchajiwa kila siku, mradi tusizitumie kupita nusu.

Zilikuwapo aina mbili. Za maji, ambazo huongezwa maji safi ya betri na hutoa gesi zikichajiwa, na zilizofungwa kabisa, zisizotaka kuongezwa kitu ila bei yake imechangamka. Mdogo wangu hakuchagua mpaka alipouliza, "Mtaziweka wapi?" Mume wangu akajibu, "Nje, kibarazani." Nilikuwapo. Ndipo akasema tuchukue za maji, akatutengenezea kizimba cha wavu chenye paa. Akarudia: zisiingie ndani, na moto usisogee karibu.

Wiki iliyopita jirani aliibiwa betri zake. Mume wangu akakosa raha, kila mlango ukilia anatoka. Ijumaa akazihamishia kwenye kabati la nguo chumbani kwetu. Nikamwambia tumuulize mdogo wangu kwanza. Akasema, "Kwani yeye ndiye baba wa nyumba hii?" Nikamwachia ili yaishe. Kabati lilipoanza kunuka kama yai viza, akaziba nyufa zote za milango kwa tepu, eti harufu isitusumbue.

Jumapili, saa tano asubuhi hivi, jua likiwaka, nilikuwa sebuleni nakata kitambaa. Yeye akaenda kuangalia maji ya betri. Ndani ya kabati lile kuna giza. Nilisikia kibiriti kikiwashwa, kisha mlipuko. Nilimkuta ameshika uso. Nilimmwagia maji ndoo baada ya ndoo, huku nalia na kumtukana. Jicho la kulia limepona, namshukuru Mungu. La kushoto daktari hajasema kitu.

Jana hospitalini alinishika mkono. "Mke wangu, sema zilikuwa nje. Mdogo wako watamwachia tu. Mimi nitachekwa mtaa mzima." Nikamuuliza kama mdogo wangu afungwe na kazi yake ife ili yeye asichekwe. Akageukia ukutani. Amefungwa bandeji nusu ya uso, na bado nilitamani kumzaba kibao. Nampenda, andika na hilo.

Kabati halijaguswa. Tepu bado imeganda kwenye mlango mmoja. Funguo za nyumba hizi hapa, nendeni mkaone kabla mama mkwe hajafagia.

Nimesema niliyoyaona na niliyoyasikia. Mume wangu akiwa amesimama mbele yangu, nitayasema hivihivi.

Saini ya shahidi: (imetiwa)

Afisa aliyeandika: Nimemsomea shahidi maelezo yake, naye amekubali kuwa ni sahihi. Kabla ya kusaini aliuliza kama mume wake atasomewa. Nilimjibu kuwa atasomewa. Akaomba nisifute mahali aliposema anampenda, kisha akasaini.