Kanisa Nililolibomoa Louisville

Buffalo, mwishoni mwa 2015

Kwako Yaya Mulonda, kaka yangu mkubwa,

Naanza kwa kukuuliza mguu wako: sasa unapanda ngazi za shantie, kule mnakojenga, bila fimbo? Na Mama, presha imeshuka? Sisi huku tunapumua. Mke wangu Furaha anahudumia wagonjwa katika nyumba ya wazee. Watoto wanasoma, na nikiwasalimia wananijibu kwa Kiingereza.

Yaya, najua habari imekufikia kabla ya barua hii, kwamba mdogo wako alibomoa nyumba ya Mungu. Ni kweli. Bora uisikie kwangu.

Pale Louisville tulikuwa tukisali katika kanisa la zamani la mawe. Mwenye jengo, mfanyabiashara mmoja mzee, alimwambia mchungaji wetu, "Salini bure, mradi mlitengeneze." Mvua ilikuwa inatunyeshea ndani katikati ya mahubiri. Donc, basi, nikashika mwiko wa uashi. Wiki nzima nilibeba makatoni ghalani, na kila Jumamosi, kwa miaka miwili, nilikuwa juu ya ngazi, wanaume watatu wa kanisa wakinichanganyia chokaa. Sikutumia simenti. Niliziba kwa chokaa na mchanga, kama ulivyonifundisha, maana simenti ingeyapasua mawe yale wakati wa baridi.

Hapo ndipo alipokuja Bibi Ruth, Mzungu, mwalimu mstaafu, na bahasha ya picha za zamani. Alinieleza habari za msanifu aliyelichora kanisa lile zaidi ya miaka mia iliyopita. Alikuwa mtoto wa seremala, akajifunza kwa kunakili michoro ya bosi wake, akapanda mpaka miji ikamgombania: makanisa, mahakama, shule, huko Columbus na hapa Buffalo pia. Halafu mitindo ikabadilika. Wateja wakahamia kwa vijana, naye akafa katika chumba cha kupanga. Miji ileile ikaanza kubomoa kazi zake.

"Yamebaki majengo matatu tu," Bibi Ruth aliniambia. "Hili ni moja."

Nilipokwenda Columbus kumwona binamu yetu Zawadi, anayekaa mtaa wa Northland, nilimwomba anipeleke kwenye la pili. Tulikuta ukuta mmoja umeegemezwa kwa vyuma, na nyuma yake magari yameegeshwa. Zawadi akacheka. "Bon, umenitoa kwangu Morse Road kuja kuangalia parking?" Nilipomwambia Bibi Ruth, akasema, "Basi limebaki lenu, na shule ya Buffalo."

Mwezi uliofuata mwenye jengo alikuja na watu wa kupima. Alikuwa ameuza kiwanja. Alipapasa ukuta nilioutengeneza, akatabasamu.

"Kazi nzuri sana. Ungetumia simenti, mawe yangevunjika. Sasa yatatoka mazima, na wanunuzi wa mawe ya zamani wapo."

Naye akaendelea, "Wewe ndiye unayejua yalivyolala. Njoo uyatoe."

Mchungaji aliniambia mbele ya waumini wote, "Ukikubali, usitukaribie tena." Nikakubali. Ghala lilikuwa limenisimamisha kazi, lakini sitakudanganya, haikuwa njaa peke yake. Sikutaka mtu mwingine ayapige kwa mashine. Niliyatoa moja moja kwa tindo, na yalitoka kirahisi, Yaya. Kwa urahisi ule nilijichukia. Siku ya tatu Mama Esther, mjane ambaye wajukuu wake walibatizwa mle, alisimama nje ya uzio. Hakupiga kelele.

"Kule Congo kanisa letu lilichomwa na watu hatuwajui," alisema. "Weye tunakujua."

Baada ya hapo hatukuweza kukaa Iroquois, mtaa wetu wa Louisville. Furaha alikuwa anasalimia watu dukani, hakuna anayeitikia. Mwenye jengo ndiye aliyenitafutia kazi hapa Buffalo. Alimpigia simu tajiri mwenzake, akamwambia nina mkono mwepesi wa kutoa mawe bila kuyavunja. Siku ya kwanza nilipelekwa kuona jengo. Shule ya mawe mekundu. Kabla sijaambiwa kitu niliujua mkono wa yule msanifu, kwa jinsi alivyopinda tao la mlango.

Juzi Bibi Ruth alinipigia. Sauti yake imezeeka.

"Nasikia uko Buffalo. Umeiona shule?"

"Nimeiona."

"Bado imesimama?"

"Imesimama, Bibi."

Akalia kwa furaha, akanishukuru mara mbili. Nami nikapokea shukrani. Jumatatu tunaanza kung'oa paa.

Nisalimie shemeji yangu mke wako, na mjomba mwalimu, na mapacha wa marehemu dada yetu. Waambie viatu nitawatumia na mtu anayekuja. Ukimsomea Mama barua hii, uruke katikati. Akiuliza nafanya kazi gani Amerika, mwambie bado ni fundi wa mawe.

Ni mimi mdogo wako,
Byamungu