Samaki wa Utafiti

3 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo baba? Wenzako wa kambini hawajambo? Mimi mzima, ila macho yananiwasha kwa moshi wa tanuri la samaki, na hayo umeyazoea. Bibi yako anakusalimu, anauliza kama umenenepa. Kwa kuwa simu yako haishiki huko ghubani, barua hii nampa dereva wa gari la barafu. Bahasha nimeibandika kwa uji mzito. Ukikuta imefunguka, ujue ni yeye.

Sasa nieleze. Ghuba mmetufungia, mnasema samaki wazaliane. Jirani yangu msuka nyavu alikutwa na wavu wa macho madogo, ukachomwa mbele ya watoto wake. Halafu ninyi watu wa serikali mnatega humo humo, na baadhi ya nyavu zenu zina macho madogo kuliko ya kwake! Asubuhi watu wanaona masanduku yanapakiwa garini, yamefunikwa turubai. Samaki wanakwenda wapi? Yule bosi wako mwenye kitambi anakula nini? Nikipita ufukweni watu wananong'ona. Wanasema mama wa mtafiti hakosi kitoweo.

Niambie ukweli, usinizungushe.

Mama yako

9 Machi

Shikamoo Mama,

Mimi sijambo, na mwambie Bibi sijanenepa hata kidogo. Bahasha imefika salama, ila dereva analalamika vidole vinanata.

Mama, tunatega nyavu za macho ya kila ukubwa kwa sababu tunataka kujua samaki wakubwa wamebaki wangapi na wadogo wangapi. Ukitega wavu wa aina moja unapata samaki wa kimo kimoja tu. Kila samaki tunampima, tunampasua tumbo kuona amekula nini, na tunampasua kichwa kutoa kijiwe kidogo kinachoonyesha umri wake. Baada ya hapo ni kitoweo kama kitoweo kingine. Hatuuzi wala hatugawani. Bosi, pamoja na kitambi chake, ananusa hadi sufuria zetu, na sisi tunakula kabichi mpaka tumechoka kuiona.

Samaki wote wanakwenda hospitali kwa wagonjwa. Mimi mwenyewe nawasindikiza hadi mlango wa jiko na kumkabidhi Mama Mdogo. Si ndiye mpishi mkuu pale? Muulize mdogo wako, huyo hawezi kukudanganya.

Waambie watu wa ufukweni. Wakizikata nyavu zetu hatutajua kama ghuba inaweza kufunguliwa, na watakaoendelea kukaa nje ni wao.

Mwanao

24 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mimi ni mzima wa mwili tu.

Niliwaambia, kifua mbele. Kumbe nilikuwa najiaibisha. Mke wa msuka nyavu amejifungua, amelazwa wiki nzima, kila siku maharage. Sikuamini. Nikaenda mwenyewe, nikapita kitanda hadi kitanda kama daktari, nikiwauliza wagonjwa wamekula nini. Mzee mmoja aliyevunjika mguu alicheka hadi nesi akaja. "Samaki? Labda wa ndotoni, mama."

Jikoni Mama Mdogo akaniambia, "Dada, hao samaki wa serikali mimi nawasikia kwako tu. Mbane mwanao." Hata macho hakupepesa.

Basi jana kwenye mkutano nilisimama. Nikasema mbele ya watu wote, na ofisa wa uvuvi akiwepo, kwamba masanduku hayawafikii wagonjwa, na anayeyasindikiza ni mwanangu. Nimekuzaa, lakini sitakuficha. Kama uliuza, sema mapema.

Mama yako

5 Aprili

Shikamoo Mama,

Leo salamu zinanikwama, lakini nimeziandika.

Nimesimamishwa kazi. Ijumaa ya wiki ijayo nasikilizwa ofisini, na nikishindwa kujieleza napelekwa polisi. Kwa hiyo juzi, wenzangu walipopeleka masanduku, nilijibanza nyuma ya tangi la maji la hospitali nikachungulia. Mama Mdogo aliyapokea vizuri kabisa. Walipoondoka akachukua kisu, akakata vichwa vyote tulivyovipasua, akavitupa shimoni. Miili akaipakia kwenye mkokoteni, akaifunika majani.

Nikaufuata mkokoteni kwa mbali. Nilijua unakokwenda kabla haujakata kona. Uliingia uani kwako, Mama. Ulitoka ukawapokea samaki mwenyewe, ukawapanga kwenye tanuri.

Sijamwambia mtu. Nikisema, nawapeleka ninyi wawili polisi. Nikinyamaza, mwizi ni mimi. Nami nakuuliza kama ulivyoniuliza: ulijua?

Mwanao

12 Aprili

Shikamoo Mama,

Dereva anaapa alikupa barua mkononi. Kesho kutwa ndiyo Ijumaa.

Mwanao

13 Aprili

Mwanangu,

Hujambo baba? Usishtushwe na karatasi hii. Ni ya kituo cha polisi, nimemwomba askari.

Umeuliza kama nilijua. Mama Mdogo alisema ananunua kwa mvuvi wa ng'ambo, na vichwa anawauzia wapika supu. Mwanzoni niliamini. Baadaye nikaona matumbo yote yamepasuliwa mkato mmoja ulionyooka, na hakuna mvuvi mwenye muda wa kupasua hivyo. Nikaamua nisiulize. Mimi ninayemshuku hadi dereva wa barafu! Kukushuku wewe kulikuwa rahisi kuliko kulishuku tanuri langu. Nilipokutaja mkutanoni, nadhani niliomba sana iwe ni wewe. Hilo ndilo linaloniuma, hata kuliko samaki.

Jana nilimwambia mdogo wangu twende wote tukaseme. Alilia, akanitukana, akasema kuanzia leo hana dada. Nikaja peke yangu. Asubuhi hii wamemleta. Tumekaa benchi moja, yeye ananipa mgongo.

Kesho nenda ofisini, na uvae lile shati lako jeupe. Maelezo yangu yameshaandikwa, lakini bosi wako atataka kusikia kwa kinywa chako. Wakikuuliza tanuri ni la nani, taja jina langu na la baba yangu, uyataje yote mawili wazi. Ila usiniite Mama mbele yao. Utashindwa kumaliza.

Mama yako