Vinyonga Wawili, Kizimba Kimoja

Jumatatu, 3 Juni
Binti yangu kitindamimba kasafiri kikazi, anarudi Jumapili. Kaniachia kinyonga wake na masharti kama ya mgonjwa – majani yanyunyiziwe maji asubuhi, nyenje watatu kwa siku, na "Baba, tafadhali, usimchanganye na wa kwako." Nikasema sawa. Kusema sawa si kukubali! Nimelea watoto saba chumba kimoja, hakuna aliyekufa kwa kubanana.

Jumanne, 4 Juni
Kizimba kipya tayari. Miaka arobaini ya useremala si mchezo – mlango haulii hata kidogo! Nimewatia wote wawili. Mke wangu kashika kiuno, eti mafahali wawili hawakai zizi moja. Nikamwambia fahali ana pembe. Akasema wa kwako anazo tatu. Huyu mwanamke ana mdomo! Nimecheka mpaka kikohozi.

Wamelala tawi moja, wangu kamlalia mdogo mgongoni. Wanapendana.

Jumatano, 5 Juni
Nyenje sita wameingia, sita wameliwa. Nilisema mimi.

Alhamisi, 6 Juni
Nimekaa kwenye kigoda nikiwatazama tangu chai mpaka mchana. Nyenje wote anakula Pembe Tatu! Mdogo anatazama tu. Kawa mweusi kama sufuria ya kuni. Na kule kulaliana si mapenzi – taa ya joto ni moja, mkubwa anaitaka, mdogo kafanywa ngazi. Hawang'atani, hawapigi kelele. Wangepigana ningejua siku ile ile.

Kitinda kapiga simu. "Baba, hujawachanganya?" Nikasema mtandao mbaya.

Ijumaa, 7 Juni
Nimetia plaiwudi katikati. Kila mtu na chumba chake, taa yake, nyenje wake. Mke wangu nimemwambia ramani ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Akasema ehee, fundi.

Mdogo ni mgeni, nikaona nimpambie. Nimempigilia kioo cha kabati la zamani, ukuta mzima. Chumba kimekuwa maradufu! Nani mwingine angewaza hivyo?

Jumamosi, 8 Juni
Bado mweusi. Hataki kula. Kajivimbisha, kajibana kwenye kona. Nikasema ni baridi. Mke wangu akachungulia, akaniuliza, "Mzee, yule anayemwona kwenye kioo ni nani? Umemtoa kwa adui mmoja, ukamletea mwingine asiyesinzia." Nikabisha. Nikabisha sana. Halafu nikatafuta koleo, nikang'oa misumari minne. Yeye kanishikia kioo kisianguke.

Jumapili, 9 Juni
Kijani kinarudi! Ubavu mmoja tu, lakini kinarudi. Kula bado, siku ya tano leo. Nimemsogezea nyenje mnono kwenye jani. Jicho moja kwa nyenje, jingine kwangu. Sitikisiki. Kalamu tu.

Mke wangu kanong'ona, mwambie mwanao mwenyewe kabla hajajionea. Nikasema kazi ya fundi haina maelezo.

Geti limelia. Ni yeye. "Baba yuko wapi? Kinyonga wangu hajambo?" Na ile sauti yake ya kutikisa mabati!

Mdogo kakaza mkia. Kaegemea mbele kidogo –

Nimemwambia mwanangu kutoka huku huku, polepole: "Niliwachanganya, mama. Kosa langu. Utanigombeza baadaye, ila sasa nyamaza, anataka kula."

Namsikia anavua viatu mlangoni, kimoja kimoja.

Huku kwenye jani, mdomo unafunguka.