Kaka Yako Ameambiwa Kila Neno

Shoga yangu Zuhura,

Sikuulizi hali, maana hali yako anaijua Mola peke yake. Mimi nakuletea habari: kaka yako Hamadi anaumwa figo. Zake na yeye zinakwisha. Najua si vizuri kufurahia ugonjwa wa mtu. Nimeshaomba toba, na nimeshafurahi tena.

Hujui alichosema msibani kwako. Ilikuwa hapo hapo sebuleni kwako, huku ughaibuni, Acocks Green, buibui lako bado linaning'inia nyuma ya mlango. Wanaume wamekaa, sisi tuko jikoni tunasikia. Hamadi akasimulia kwamba daktari alimwambia mapema kabisa, figo zako zinakufa na iko siku utaishi kwa mashine ya kusafisha damu. Yeye ndiye aliyekuwa akienda nawe kliniki kukutafsiria, basi akaona asikwambie. "Mgonjwa havunjwi moyo," alisema. Na watu wakamsifu. Wakasema kaka ndiye huyo. Nilikuwa nimeshika birika la kahawa, nikaliweka chini, maana ningemmwagia.

Wewe kila ukirudi kliniki uliniambia ni presha tu, na maji yamezidi kidogo mwilini. Tulikuwa tukikaa kwenye benchi la stesheni, unakula kachori zako zilizofungwa kwenye karatasi, unasema, "Nikipata nafuu nakwenda Pemba kwa mama." Nikipata nafuu. Kila mwaka wimbo huo huo. Ungeambiwa kwamba nafuu haiji, ungepanda ndege hata begi hujafunga, nakujua. Badala yake ulichukuliwa na gari la wagonjwa, ukatiwa mirija shingoni, unaniuliza mimi hiki ni nini, na mimi sijui. Hukutoka tena. Mama yako mpaka leo akinipigia anauliza kitu kimoja: kwa nini Zuhura hakuja kuniaga?

Ndipo nilipoingia kazi hii. Watu husema nina huruma, maskini. Hasira ndiyo iliyoniingiza. Nazunguka majumbani kwa Waswahili wenye maradhi ya figo, toka kwetu mpaka Winson Green. Nawaonyesha namna ya kuchemsha mbatata na kumwaga maji yake, madini yasiyomfaa mgonjwa yatoke, nawasindikiza kliniki, na sharti langu ni hili: jamaa hatafsiri. Aje mkalimani wa hospitali, daktari aseme, mgonjwa asikie kwa masikio yake. Wapo walionifungia mlango. Na wafunge.

Basi juzi juzi akanipigia Salma, binti wa Hamadi, yule anayemfungulia baba yake majibu ya hospitali kwenye simu. Kiswahili anakisikia tu, akasema nami kwa Kiingereza. Majibu ni mabaya, miadi ya daktari ameshaiahirisha, na tafadhali shangazi, baba asiambiwe, atavunjika moyo. Nilicheka mpaka mtoto wa watu akakata simu. Nikaenda moja kwa moja dukani kwa Hamadi, Kings Heath, nikamwambia binti yako anakuficha jambo.

Tukaomba miadi upya, tukaenda kliniki pamoja. Daktari akasema yote. Hamadi Kiingereza anakijua, mkalimani hakuitwa, lakini siku ile alinigeukia kama mtu aliyezibwa masikio. Nikamrejeshea kwa Kiswahili, polepole, sikuacha kitu. Kisha nikaongeza langu:

"Haya ndiyo uliyopewa umpe Zuhura. Wewe mwenzake umeambiwa."

Akalia, shoga. Mzee mzima, kofia mkononi. Leso ninayo mkobani, na sikumpa.

Nje akasema mashine haitaki, nimwache amfuate dada yake. Hapati. Akufuate aje kufanya nini, kukuomba radhi mahali ambapo hakuna anayemsikia? Ataishi. Nitamsimamia chumvi yake, vidonge vyake na kila tone la maji, na siku ya mashine ikifika nitamkalisha kitini mimi mwenyewe. Damu yake izunguke mbele ya macho yake, akukumbuke.

Lakini kwanza ana jibu la kutoa. Jumapili tunakusomea hitma, na wale wale waliomsifu watakuwepo. Mama yako atakuwa kwenye simu, sauti wazi, chumba kizima kinasikia. Nimemwambia Hamadi lile swali la mama atalijibu yeye. Unajua aliniambia nini? Mama ni mtu mzima, asivunjwe moyo.

Umeona? Bado.

Wewe pumzika, Zuhura. Mungu akupe nafasi huko. Jumapili nitakaa karibu na simu, na nakuahidi: kaka yako akimung'unya hata neno moja, nitamtafsiria mimi.

Shoga yako,
Mwanakheri