Namba Tisa Niliyempanga kwa Ajili Yako

Ami yangu, uliyeondoka kabla msimu haujaanza,

Ungekuwapo ungeniuliza swali moja tu, tena kabla sijakaa: timu itafika wapi? Ligi ya vyuo imefika katikati na kocha sasa ni mimi, kwa hiyo jibu ni juu yangu. Tuko wa pili kutoka chini. Wa chini kabisa tuliwafunga kwa penalti ya kuokota, na nadhani refa alituonea huruma tu. Naona haya kukuandikia habari kama hii, lakini kunyamaza kumenishinda.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiipima timu kila msimu ulipofika nusu? Mechi ikimalizika tulikuwa tunateremka mpaka ufukwe wa Qantab, wewe, mimi na chupa ya chai ya maziwa. Unaegesha gari karibu na mchanga, kisha unaniambia nitaje wachezaji mmoja mmoja. Nilikuwa msaidizi wako, maana yake nilibeba maji na kucheka unapotania. Nikitaja jina, unajibu yupo au hayupo.

"Kipa?"

"Yupo."

"Nahodha, Talib?"

"Yupo. Tena anajijua kuwa yupo, mkanye."

Nikifika kwa Hamed, mwanao wa pekee, ulikuwa unanyoosha mkono kutafuta stesheni kwenye redio. Hukujibu hata mara moja. Na uwanjani ulimweka benchi msimu mzima, akiingia dakika za mwisho tukiwa tumeshashinda.

Mimi nikajitungia maana yangu. Nikasema, ami anaogopa maneno. Unaujua mji wetu huu: jina la ukoo likisikika mara mbili ndani ya timu moja, watu wameshasema wasta, wamependeleana hao. Nikadhani unamnyima mwanao haki yake ili wewe ubaki safi. Nikakuhurumia, na kwa kweli nikakusifu moyoni. Ulipofariki, matanga yakaisha, chuo kikanikabidhi timu, na jambo la kwanza nililofanya ni kumpa Hamed jezi namba tisa. Nilijiona muungwana sana siku ile, Ami. Nilijiona natengeneza kitu ambacho wewe ulishindwa.

Tumecheza nusu ya msimu hivyo. Nyuma hatuna shida: kipa ni yule yule, mabeki wanaelewana, na Talib pale katikati anakimbia kwa niaba ya wote. Mbele ndiko kulikolala. Mipira yote mizuri inamfikia Hamed, na Hamed anaipeleka anakojua Mungu. Kila mtu aliona. Nami niliona, ila nilikuwa na maneno tayari: kijana amefiwa, mpe muda. Mama Hamed naye alikuwa anakuja kila mechi, anaegesha gari nyuma ya goli, hashuki, halafu tukimaliza ananiletea sahani ya sambusa na dua ndefu. Wewe ungekula sambusa zile kisha ukamtoa mtoto wake?

Wiki iliyopita mkuu wa michezo wa chuo alituita, mimi na Talib, anataka tathmini. Tukaletewa kahawa na tende. Nikaulizwa tutafika wapi, nami nikaanza kuzunguka: joto, refa, bahati, ratiba ya mitihani. Nilitaja kila kitu kinachopatikana Oman isipokuwa mshambuliaji wetu. Talib, ambaye kwa kawaida hanyamazi hata akiwa na mswaki mdomoni, alitikisa kikombe chake kuonyesha kahawa inatosha, akaomba ruhusa akatoka. Nilijua kwa nini anatoka, na nikaendelea kusema.

Siku chache baadaye, tulipomaliza mazoezi, Hamed akaomba nimfikishe nyumbani. Tulikuwa tumekwama kwenye foleni ya magari mtaani Ruwi aliponiambia, macho mbele:

"Kaka, niweke benchi."

"Umeumia?"

"Sikuumia. Nnaona haya."

Nikamwambia avumilie, goli litakuja inshallah. Akanikata maneno.

"Weye huwasikii? Talib akikosa goli, wenzake wanamtukana mpaka babu yake. Mie nikikosa wananipigia makofi. Wallahi wananipigia makofi, Kaka, kama mtoto anayejifunza kutembea! Hawanioni mie. Wanaona msiba wa Baba umevaa namba tisa."

Nikasema la kijinga. "Lakini baba yako alikuwa anaogopa maneno ya watu tu, la sivyo angekupanga..."

Aligeuka akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Baba? Baba kaniambia mwenyewe. Tulikuwa tunakula, akasema, Hamed mwanangu, mpira huna, una miguu tu. Njoo mazoezini, kaa na wenzio, furahi, lakini namba usinidai. Tulicheka mpaka Mama akatuuliza tumekuwaje. Mie nlikuwa radhi, Kaka. Benchi ile nlikuwa nnaipenda."

Nimeona haya mara nyingi maishani mwangu, Ami, na baadhi uliziona mwenyewe. Hii imezizidi zote. Nimeshajua sasa ulichokuwa unafanya ukishika ile redio. Mwanao ulimwambia ukweli mkiwa wawili kwenye sahani moja, kisha ukamsitiri mbele yangu na mbele ya kila mtu. Mimi nikaligeuza jambo lote: yeye nikamficha ukweli, na udhaifu wake nikauanika uwanjani kila wiki mbele ya chuo kizima. Tena nikasubiri dua. Kila nilipoandika jina lake nilikuwa namkumbusha kijana wa watu kuwa hana baba, na nilikuwa naita hilo mapenzi.

Nilikwenda kwa Mama Hamed kumwambia mwenyewe. Nilijiandaa kwa machozi, nikafanya mazoezi ya maneno ndani ya gari. Akanimiminia chai, akanisikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi.

"Alhamdulillah. Unadhani kwa nini nlikuwa sishuki garini? Mpira ukimwendea, mie nnafumba macho."

Siku ile sambusa sikuziona.

Basi tathmini ya kweli ni hii, na nimekwisha kurudi kwa mkuu wa michezo kumpa yeye pia. Tunaweza kubaki katika daraja letu, kwa jasho, kama winga wetu wa kushoto atacheza mbele na akazoea haraka. Huenda tumechelewa. Tukishuka, mechi zile tulizozipoteza zisiwekwe juu ya joto wala refa, ziwekwe juu yangu. Vijana pia nimewakusanya nikawaambia hivyo hivyo, Hamed akiwa amekaa kati yao: kosa lilikuwa la kocha, na huyu ni mwenzenu wa benchi kama alivyokuwa enzi za baba yake, msimchukulie vingine. Talib aliitikia kwa kichwa.

Nikuache sasa, Ami, Mungu akupe nafasi pana huko uliko. Ila siwezi kukuacha bila kukusimulia ya jana. Tulicheza na Hamed akaanza benchi. Mwisho mwisho, tukiwa sare, beki wetu akateguka mguu, na sikuwa na mwingine wa kuingiza. Mpira wa kwanza uliomfikia Hamed aliupiga moja kwa moja kwenye miguu ya mpinzani, tukapona kwa kudra ya Mungu na mikono ya kipa. Hakuna aliyepiga makofi. Talib alimjia mbio, akamwita punda kwa Kiarabu, kisha akamwita punda kwa Kiswahili, asije akasema hakufahamu. Hamed akasimama pale pale katikati ya uwanja akacheka, mabega yote yanamtikisika. Sijamwona akicheka vile tangu tulipokuzika. Halafu akageuka, akanitafuta kwa macho. Mimi nilikuwa nimeinama, najifanya nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa makubadhi, hayana hata kamba.

Mtoto wa kaka yako