Ramani Iliyokuwa Mfukoni mwa Kitabu

Jumatatu, 14 Oktoba 2024

Leo nimeletewa kitabu kilicholiwa na mchwa mgongo mzima. Mwenyewe anaitwa Mbuvi, anatoka ng'ambo ya Makindu. Amekuja mpaka Kitui kwa sababu mafundi wa kwao ni wa viatu, anasema. Kitabu amekifunga kwenye fulana kama mtoto mchanga.

Ni kitabu cha mawe. Madini ya nchi nzima, kimepigwa chapa na serikali ya Mzungu mwaka 1953. Baba yake Mbuvi alikuwa akimbebea mpima ardhi vyombo vyake. Siku ya kuagana aliomba mshahara, akapewa kitabu. Na hakujua kusoma!

Nikahesabu kurasa mbele yake, kama ilivyo kawaida yangu. Mteja anatazama, mwisho anatia sahihi, kusiwe na maneno baadaye. Kurasa 212. Akatia sahihi.

Halafu akaomba nimsomee habari za kilima chao. Kiingereza changu nimejifunza kwenye vitabu vya watu, nikingoja gundi ikauke. Kwa hiyo najua mambo mengi, lakini mpaka pale mwenye kitabu alipokuja kukichukua. Kilima chao kimo, ukurasa wa 88. Mawe mekundu, mazuri. Mashimo matatu yalichimbwa. Angalia ramani.

— Ramani gani? akauliza Mbuvi.

Sote tukapekua. Hakuna ramani.

Sufian alikuwa amelala kwenye benchi langu la nyuma, kazi yake tangu aachishwe kuendesha lori. Aliposikia mawe mekundu akaamka. Ndugu yangu ana miaka arobaini na mbili na sijamwona akiamka haraka hivyo.

Jumanne, 15 Oktoba

Ramani ipo.

Jalada la nyuma lilikuwa nene kuliko la mbele. Nikalipitishia mvuke wa birika. Kuna mfuko wa karatasi, umegandamana kwa unyevu, na ndani yake ramani imekunjwa mara nane. Rangi bado mbichi! Kilima cha akina Mbuvi kiko pembeni kabisa, na mashimo matatu yana namba. Mtu ameongeza maandishi madogo kwa wino.

Mbuvi hakuiona. Haikuhesabiwa. Sahihi yake ni ya kurasa 212, na atazipata zote.

Nimeiweka chini ya mkeka wa kuswalia. Najua. Sihitaji kuambiwa.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nuradin alipita baada ya swala. Hununua mawe Mwingi na kwingine, huuza asikosema. Nikamuuliza kwa mbali, kama mtu anayeuliza hali ya hewa: kitabu cha namna hiyo kina thamani? Akacheka. Bila ramani ni cha kufungia njugu, anasema. Lakini ramani yenyewe, hata bila kitabu... Hakumaliza. Akanywa chai yangu yote akinitazama.

Sikumwambia kitu. Mtu anayeuliza mara mbili huongeza bei mwenyewe. Acha arudi.

Mbuvi amechukua kitabu chake. Mgongo mpya, kitambaa chekundu. Kakipapasa, kafurahi mpaka nikaona aibu kidogo. Sufian ameondoka naye. Watachimba pamoja, watagawana nusu kwa nusu. Benchi langu limepata pumziko.

Jumanne, 29 Oktoba

Sufian amepiga simu. Furaha tupu. Walijaribu sehemu mbili, mwamba mtupu, sururu inarudi usoni. Ya tatu, chini ya jabali lililopasuka — udongo laini kama unga! Siku ya kwanza futi saba. Mbuvi anasema ni baba yake anawafungulia mlango. Wamechinja mbuzi, damu kidogo wamemwaga pale shimoni. Sufian alisimama kando wakati wa kumwaga, anasema, ila nyama alikula.

Nilipokata simu nikainua mkeka.

Yale maandishi madogo sikuwa nimeyasoma yote. Leo nimeyasoma kwa miwani. Shimo la tatu, chini ya jabali lililopasuka: futi 38, liliachwa, maji na kuta kuporomoka. Limejazwa udongo. La pili na la tatu yameunganishwa kwa njia ya chini kwa chini, kina cha futi 30.

Basi ndiyo maana ni laini. Si mlango wa baba yake. Au tuseme ni wake kweli, maana nani mwingine angepewa sepetu ajaze shimo la serikali?

Alhamisi, 31 Oktoba

Nimempigia Sufian mara tatu. Nikamwambia watoke, udongo laini ni udongo mbaya. Akasema, "Dada, wewe ni mtu wa gundi na uzi." Nikasema basi wekeni mbao ukutani. Akasema mbao zitakuja tukipata mawe.

Nimejuaje, akauliza, mambo ya mashimo?

Nikakata simu. Nikisema najuaje, nimesema kila kitu.

Jumapili, 3 Novemba

Leo nimedanganya kwa ndoto. Nimemwambia nimemwota marehemu mama, amesimama juu ya shimo analia. Mama! Ambaye hata kwenye mazishi ya baba alikuwa anapanga nani atapika. Sufian akamrehemu mama, nikadhani imeingia. Halafu akasema ndoto za namna hiyo huletwa na kula usiku, nisome dua nilalie ubavu wa kulia.

Mbuvi akachukua simu. "Mwalimu," ananiita hivyo tangu nimsomee, "usiogope. Tumefika futi ishirini na mbili na udongo hautupigi vita."

Nilikuwa na sentensi mdomoni. Sentensi moja. Nikamwambia awasalimie nyumbani.

Jumamosi, 9 Novemba

Nuradin amerudi. Ametaja bei. Nzuri kuliko nilivyotarajia. Nimemwambia ngoja kidogo.

Sijui nangoja nini.

Jumatano, 13 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Kitui yote inashukuru Mungu, jirani zangu wanatazama mbegu zao. Mimi nimeharibu jalada la Biblia ya mtu, nimelibandika kichwa chini.

Sufian hapokei. Pengine ni mtandao.

Alhamisi, 14 Novemba

Si mtandao.

Amepiga mke wa Mbuvi, Syombua, kwa simu ya jirani. Shimo lilianguka jana saa nne asubuhi. Wawili wako chini. Alisema hivyo, wawili, kama vile mimi sijui nani wa pili. Kisha akasema, "Pole dada." Yeye ananiambia mimi pole!

Hakuna gari la kuondoka sasa, mto umekata barabara. Kesho alfajiri. Ramani nimeitoa chini ya mkeka. Nimeikunja mara nane kama ilivyokuwa. Inashika mikunjo yake yenyewe.

Ijumaa, 15 Novemba

Niko hapa. Naandika nimekaa juu ya karai lililopinduliwa maana hawataki wanawake karibu na shimo, na mikono lazima ifanye kitu.

Nilifika saa tatu. Wanaume kama thelathini, sepetu sita, wanapokezana. Wanatoa udongo, mvua inaurudisha. Naibu chifu, Kyule, amesimama pembeni na mwavuli, sauti imemkauka. Anasema wa kaunti wameahidi mashine, iko njiani kutoka mjini Wote. Imekuwa njiani tangu jana.

Syombua alinipa chai. Mikono yake imejaa tope mpaka kwenye viwiko. Akaniambia Sufian ni mtu wa mzaha sana, watoto wake wanampenda.

Nikainuka nikaenda kwa Kyule. Nikafungua ramani chini ya mwavuli wake. Nikamwonyesha: msichimbe hapa, chimbeni shimo la pili, lina njia ya kufika kwa la tatu. Kama wako hai wako kwenye hiyo njia.

Akatazama muda mrefu. Mtu mwenye akili, yule.

— Hii imetoka wapi?

— Kwenye kitabu.

— Mbuvi alituambia kitabu hakina ramani.

Mzee mmoja, Muindi, akacheka bila furaha. "Kumbe iliogopa mvua, ikangoja Kitui," akasema. Hakuna aliyecheka naye. Syombua alikuwa nyuma yetu. Alikuja akachukua kikombe mkononi mwangu, akamwaga chai, akaenda kukiosha. Akakiosha muda mrefu mno kwa kikombe kimoja.

Shimo la pili liko chini ya zizi lao la mbuzi. Wamelivunja zizi kwa dakika chache. Udongo wa pale pia ni laini. Laini kama unga. Safari hii wamepiga mbao.

Saa saba. Futi kumi na nne.

Saa tisa na nusu. Mashine haijafika, wala hakuna anayeiulizia tena. Futi ishirini na sita. Wamesukuma bomba la chuma chini. Kyule amewanyamazisha wote, hata watoto. Ameligonga bomba kwa jiwe.

Likajibu!

Watu wamepiga kelele, wengine wamepiga magoti kwenye tope. Kyule akawafokea wanyamaze. Akainamia bomba, akaita polepole, kwa Kikamba halafu kwa Kiswahili: kama mko wawili gongeni mara mbili.

Limegongwa mara moja.

Tukangoja. Akaita tena. Mara moja.

Syombua amekuja kusimama kando yangu. Hanitazami. Amenishika mkono wa kushoto na anaubana mpaka vidole vimekufa ganzi. Sidhani kama anajua ni mkono wa nani. Midomo yake inatembea. Yangu pia. Naomba, Mungu anisamehe, naomba, na najua ninachomwombea huyu mwanamke nikimaliza kuomba changu.

Kyule anasema sasa atataja jina, mwenye jina agonge. Ataanza na Mbuvi kwa sababu ni mwenye boma. Amevua kofia. Anainama kwenye bomba. Naweka kalamu chini.