Herufi Mbili za Mlangoni

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, wewe na watoto. Goti lako linaendeleaje? Na kifungua mimba bado anaikataa miwani yake? Mwili wangu mzima, ila moyo haujatulia tangu Jumatatu.

Siku hiyo mkaguzi wa serikali aliingia ofisini kwetu, mama mfupi mwenye sauti ya upole. Hakutaka kiti wala chai, aliuliza tu leseni yetu iko wapi. Bosi, mwenye maneno ya kumtoa nyoka pangoni, alijibu kwamba hatuhitaji leseni kwa kuwa sisi si kampuni ya amana. Akamwonyesha jina la mlangoni: Kampuni ya Imani.

Nikueleze. Sheria mpya inataka kila kampuni inayotunza mali za watu, hasa za wajane na yatima, iwe na leseni, na isiyo nayo isijiite ya amana. Sisi tulinyimwa. Basi bosi akaagiza zibadilishwe herufi mbili, Amana iwe Imani, mlangoni, kwenye mihuri na kwenye stakabadhi. Wateja wengi walidhani fundi wa rangi amekosea, nami nikacheka nao.

Mkaguzi hakucheka. Alisema jina si hoja, hoja ni kilichomo kabatini. Akalifunga kabati la chuma kwa lakiri ya serikali, na humo imo hati ya nyumba yako.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Ulipoileta hati hiyo baada ya msiba wa shemeji, uliniuliza mbona jina limebadilika. Nikakwambia ni yaleyale. Nilijua tumeshanyimwa leseni. Tena nimeandika hapo juu kwamba bosi ndiye aliyeagiza. Ni kweli, aliagiza, lakini wazo lilikuwa langu, na ndilo lililonipandisha cheo. Naona aibu, dada.

Mkaguzi anasema hati itarudishwa kwa mwenyewe akiapa kwa maandishi kwamba alidanganywa, na amtaje aliyemdanganya. Mwisho ni Ijumaa. Zitakazobaki zitasubiri mahakama, na mahakama haina haraka na paa la watoto wa mtu.

Njoo, tafadhali. Nakujua, utataka kunisitiri, ndivyo ulivyonilea. Fomu ina mstari mmoja tu wa jina la mdanganyifu. Andika langu.

Wabusu wapwa zangu wote. Wasiambiwe bado.

Ni mimi, mdogo wako.